Penseli Niliyompa Jirani

Kwa miaka minne niliweka vigae katika nyumba za mitaa ya Olympic na Ayany, Nairobi, na ukienda leo kuwauliza wenye nyumba ni nani aliyeviweka, watakutajia mwanamume. Hawadanganyi. Ndivyo walivyoona kwa macho yao, na aliyepanga waone hivyo ni mimi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu mwingine akikuudhi unaweza kumnunia wiki nzima, lakini ukijiudhi mwenyewe utamnunia nani?

Kazi niliianzia Kawangware, kwenye mjengo wa fleti. Mwanamke akifika getini asubuhi haulizwi anajua nini. Anapewa debe. Nami nikapewa langu, nikawa mtu wa mkono, yaani yule anayemchotea fundi maji, anayemchanganyia gundi, na anayelaumiwa gundi ikikauka. Fundi niliyepangiwa alikuwa mzee wa vigae aliyemaliza magoti yake kwenye sakafu za watu. Kila akiinama alimtaja Mungu, kila akiinuka alimtaja tena. Wiki ya pili akaniambia, "Wewe uko na magoti mpya. Hebu inama hapa."

Nikainama, na sikuinuka kwa miaka miwili. Mzee aliketi juu ya ndoo akinielekeza. Alinifundisha kupanga vigae vikavu kwanza kabla ya kufungua gundi. Alinifundisha kukigonga kigae kwa mpini wa mwiko na kusikiliza, kwamba kikitoa sauti ya debe tupu basi chini kuna hewa, king'oe kabla hakijakauka. Zaidi ya yote alinifundisha kutouamini ukuta. "Hakuna ukuta umenyooka Nairobi hii," alikuwa akisema. "Vuta uzi katikati ya nyumba, anza hapo. Ukianzia kwa ukuta utafika mlangoni ukilia." Alipochoka kabisa akarudi kwao Siaya, akaniachia mwiko wake wa meno na penseli yake, ile bapa nyekundu ya maseremala, fupi kama kidole gumba. Basi nikawa fundi, na aliyelijua hilo alikuwa ameshapanda basi kwenda zake.

Mimi naishi Kibera, upande wa Silanga, karibu na wauza makaa. Nikaanza kutafuta kazi za kwangu mwenyewe mitaa ya jirani. Nyumba ya kwanza ilikuwa Ayany. Mwenye nyumba alifungua geti, akanitazama mimi na ndoo yangu, kisha akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Fundi ako wapi?"

"Ni mimi."

Akaendelea kutazama barabarani. Nakumbuka alisubiri kidogo hivi, kwa adabu kabisa, ili nimalize mzaha wangu na fundi atokee. Hakutokea, na geti likafungwa. Nyumba ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu walinipa kazi, ya kusugua sakafu ambayo fundi mwingine alikuwa ameiharibu. Niliisugua nikizitazama zile njia za vigae zilivyopinda, machozi yakanitoka kwa hasira, nikasema liwalo na liwe, hawa watu wanataka mwanamume, nitawapa mwanamume.

Katika ploti yetu kulikuwa na jirani, mtu wa Western, mrefu, mpole, mwenye sauti nzito ya kusomea risala kanisani. Alikuwa mlinzi kazi ikaisha. Mke wake alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo mpango tuliuweka watatu mbele ya chai, mchana kweupe, hakuna aliyeona ubaya. Yeye angekuwa fundi wa kuonekana, mimi mtu wa mkono wa kuonekana. Tukifika kwa mtu, yeye anatangulia na pimamaji kwapani na ile penseli sikioni, maana penseli sikioni ndiyo cheo cha fundi, kama nyota begani mwa polisi. Mimi nafuata na ndoo na mfuko wa gundi. Mwenye nyumba akitoka kwenda kazini, penseli inahamia sikio langu, naye anashika debe. Geti likilia, penseli inarudi.

Na kwa siku ambazo mwenye nyumba hatoki, anavuta kiti kabisa kutusimamia, tuliweka kikohozi. Jirani anashika kigae, anakiweka. Kikiwa kimekaa vibaya, nakohoa mara moja, anakirekebisha. Nikikohoa mara mbili, maana yake wacha hapo hapo, usiguse tena, Mungu amesaidia. Nimekohoa nyumba nzima nzima za Ayany. Kuna mama mmoja aliniletea tangawizi.

Tulicheka sana siku hizo, sitasema uongo. Kazi ilikuja. Watoto wangu watatu walivaa viatu vya shule mwezi mmoja wote kwa pamoja. Nilijiona mjanja kuliko Nairobi yote. Hata nambari ya simu niliona heri wapewe ya jirani, kwa sababu nani anampigia mtu wa mkono? Akaandikwa katika simu za watu, Fundi Tiles. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba ukishaingia utakuta umekitengeneza vizuri hata huwezi kupanda.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, pale Olympic. Jikoni, mabafu mawili na veranda. Bafu la nyuma lilikuwa na ukuta uliopinda mpaka unakufanya uhisi kizunguzungu, na nililipatia siku tatu kwa mkono wangu mwenyewe, mlango tumeufunga eti kwa ajili ya vumbi, nikakata vipande vya pembeni kimoja kimoja hata macho yanaamini ukuta umenyooka. Ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Siku ya mwisho mwalimu aliandaa chakula. Jirani akakaribishwa mezani, kuku na ugali. Mimi nikapewa chai na mkate kwenye veranda, kwa kikombe cha plastiki. Kupitia dirishani nikamsikia mwalimu akiuliza ni kwa nini tulianzia katikati, naye jirani akajibu kwa ile sauti ya risala, "Madam, ukuta si wa kuaminika. Ukianzia kwa ukuta utafika mlangoni ukilia."

Mwalimu akatoka na sufuria kuniongezea chai. "Mama, una bahati," akaniambia. "Fundi mvumilivu hivi si rahisi kupata. Tumia macho, ujifunze."

Nilisema asante. Njiani jirani alicheka mpaka akashika ukuta wa mtu, nami nikacheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha nusu. Nilikuwa na njaa.

Sasa, mwaka jana ukaja mradi. Kule Kawangware kulikuwa kunajengwa ukumbi wa mafunzo, na wenye kuujenga walisema wanataka wanawake washike kazi za ufundi. Walituita kanisani, tukapewa soda na jaketi za kung'aa na helmeti za rangi ya waridi, kwa sababu inaonekana tofali likimwangukia mwanamke lazima likute rangi yake. Tukapigwa picha tumeshika miiko. Waliotushikisha hawakujua mwiko upi ni wa nini. Mimi nilipewa wa plasta, nikaushika hivyo hivyo, nikatabasamu.

Lakini katika yale maneno mengi kulikuwa na neno moja la kweli. Walitafuta fundi wa vigae mwanamke, aweke sakafu ya ukumbi wote, na chini yake awe na wasichana sita wa kuwafundisha mpaka wakafanye mtihani wa serikali. Wasichana sita. Wasingehitaji mzee mwenye magoti mabovu awaonee huruma. Wasingemhitaji jirani. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nikainua mkono kabla hata hawajamaliza kusema.

Aliyeandika majina alikuwa binti wa ofisi yao, mwenye heshima, mwenye kusikiliza. Akaniambia fomu inataka wateja watatu walioniona nikifanya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kutoa jasho.

"Si unipime tu?" nikamwambia. "Nipee tiles kumi na siku moja."

"Mama, mimi sijui tiles. Nitajuaje umeweka poa?" Akashusha sauti. "Alafu tumedanganywa sana. Wanaume wanaleta mabibi zao, wanasema ni mafundi, ndiyo wao wenyewe wapate hiyo kazi. Ndiyo maana tunauliza wateja."

Yaani wanaume wengine walikuwa wakicheza mchezo wangu kinyumenyume, na ule wao ndio uliokuwa umefunga mlango wangu. Nilitamani kucheka nikashindwa. Nikampa nambari mbili za Ayany. Akapiga pale pale. Wa kwanza alisema fundi alikuwa jamaa mrefu, wa pili alisema jamaa mrefu mwenye sauti nzuri. Binti akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko yale majibu.

"Twende Olympic," nikamwambia. "Twende ukaone kwa macho."

Mwalimu alitupokea vizuri. Alipoelezwa kwamba mimi ndiye niliyeweka vigae vyake, alicheka, akaniangalia, akaacha kucheka.

"Wewe si ulikuwa unaleta maji?"

Nikawapeleka bafu la nyuma. Nikapiga magoti. Nikawaonyesha nyuma ya choo, kipande kilichokatwa mara mbili kwa sababu cha kwanza kilipasuka, nikakigeuza upande mzuri utazame nje. Nikawaonyesha mahali ukuta unapopinda na jinsi vipande vinavyopungua pole pole ili jicho lisijue. Nikagonga sakafu kwa kifundo cha kidole kutoka mlangoni hadi dirishani, isikike kama kuna mahali panapolia tupu. Hapakuwepo. Nilikuwa naongea haraka, nahema, nikijisikia ninavyofanana na mwongo.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini mama, mtu wa mkono pia huona hayo yote. Si ulikuwa hapa?" Na alipoona uso wangu akaongeza, taratibu, "Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Najua vile wanawake hudharauliwa. Lakini uongo hautatusaidia."

Nilitaka kumwambia wewe ndiwe uliyenipa kikombe cha plastiki. Nilitaka kumwambia mengi. Lakini alikuwa amesema kile alichokiona, na tamthilia aliyoiona niliitunga mimi.

Ikabaki mtu mmoja aliyekuwepo na anayejua ukweli. Binti akampigia jirani, akaweka simu kwenye spika, akaishika juu ya sinki. Nikasema moyoni, sasa. Sauti ile nzito ikajaa bafu.

"Huyo sista? Ah, huyo tunafanyanga na yeye. Anajua kazi sana. Yaani tulikuwa tunasaidiana tu."

Tulikuwa tunasaidiana. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, maana kwake jambo limeisha kwa amani. Binti akaandika katika fomu, nami niko wima nyuma yake nasoma: *msaidizi, ana bidii*. Akaniambia nisikate tamaa, nafasi moja ya mwanafunzi ilikuwa imeongezwa.

Nilimkuta jirani kwenye bomba la ploti akijaza mitungi. Sikumsalimu. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Si nilisema unajua kazi?"

"Ulisema tunasaidiana!"

"Sasa ulitaka niseme aje? Eti nilikuwa naigiza? Hao watu wa Olympic na Ayany si wataniona conman? Mimi niko na watoto pia, sista." Akafunga bomba. Alikuwa amekasirika, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Na hiyo penseli sikuiba. Ni wewe ulinipea."

Nikaondoka, mtungi wangu nimeuacha mtupu palepale.

Nilidhani hayo ndiyo mabaya yote. Baada ya wiki mbili jirani alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje kama mtu aliyeleta habari za msiba. Wale watu wa mradi walikuwa wamekosa fundi mwanamke mwenye wateja watatu. Wakaamua, kwa sasa, kwa muda tu, wachukue mwanamume mwenye sifa nzuri, mwenye uzoefu wa kufanya kazi na wanawake. Wateja wawili wa Ayany na mwalimu mmoja wa Olympic walikuwa wamemsifu bila kuulizwa sana. Wamempigia simu.

"Ukasemaje?"

"Nikakubali." Akatazama viatu vyake. "Lakini bila wewe sitaweza. Unajua sitaweza. Utakuja?"

Nilimfungia mlango. Nikaketi juu ya ndoo yangu, nikamtukana yeye, mwalimu, binti wa ofisi, yule mzee wa Siaya aliyeniachia ufundi bila kuniachia hata barua, kisha nikafika kwangu mwenyewe na hapo nilikaa muda mrefu. Ningeweza kukataa. Wengi wameniuliza kwa nini sikukataa. Nilikuwa nawafikiria wale wasichana sita. Jirani angewafundisha kuanzia kwa ukuta. Miaka minne yote, ukimwacha peke yake, mkono wake unakimbilia ukuta kama mtoto anayekimbilia mama.

Jumatatu nikavuka Ngong Road kwa miguu hadi Kawangware, helmeti ya waridi kichwani. Ukumbi ulikuwa mkubwa, mweupe, una harufu ya saruji mbichi. Tulisimama kwa mstari wanafunzi saba, wasichana sita wa miaka kumi na tisa, ishirini, na mimi mwenye umri wa kuwazaa. Kila mmoja alikuwa na daftari jipya. Jirani alisimama mbele yetu katika jaketi lake, penseli nyekundu sikioni. Alinikwepa macho.

Akaongea vizuri. Nilitambua kila neno, hata pumzi nilizokuwa nikivuta katikati ya sentensi alizivuta pale pale. Wasichana wakaandika. Kisha akachukua kigae cha kwanza, akapaka gundi, akainama, na bila hata kugusa uzi akaenda moja kwa moja ukutani.

Akakilaza. Akabaki ameinama, mkono juu ya kigae, haendelei. Nilijua anasubiri nini. Nikajiambia leo utakaa hapo mpaka jua lizame. Nikawaangalia wale wasichana, kalamu zimeinuliwa, tayari kuandika kwamba unaanzia kwa ukuta.

Nikakohoa.

Jirani akaking'oa kigae, akasema, "Hiyo nilikuwa nawaonyesha makosa," akavuta uzi katikati. Wasichana wakaandika na hilo pia. Siku ile nilikohoa mara kumi na nne. Nilifika wakati wa chai koo limekauka kweli, nina hasira hata mandazi siwezi kumeza. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, mwenye vidole vyenye makovu ya makaa, akaja kuketi karibu nami na kikombe cha maji ya moto.

"Auntie, kunywa hii. Hiyo kikohozi yako ni mbaya."

"Sina kikohozi," nikamwambia.

Akatazama kule mbele, mstari wa vigae ulionyooka kutoka katikati ya ukumbi, akamtazama jirani, akanigeukia. Nilimwona akihesabu.

"Kila saa ukikohoa," akasema pole pole, "yeye anasonga."

Ilikuwa miaka minne. Wenye nyumba wamevuta viti wakatukodolea macho, mwalimu wa hesabu amezunguka kwenye veranda yake, na hakuna aliyeliona hilo. Nilitamani kumweleza yote, tangu Ayany, lakini chai ilikuwa inaisha na jirani alikuwa ameshaanza kutuita.

"Kesho usilete daftari," nikamwambia. "Leta penseli. Nitakuonyesha mahali pa kuiweka. Na mtu yeyote akikuomba umwazime, hata kama ni mimi, usimpe."